Mazungumzo Baada ya Habari: Anayefunga Mpaka Ana Deni

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Machi, watu wa Arua na Koboko hukumbuka. Wapo wanaokumbuka hofu, wapo wanaokumbuka njaa, na wapo wanaokumbuka fimbo. Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka 2020, nchi yetu ya Uganda ilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Miaka imepita tangu hapo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi hayo si dharura tena ya ulimwengu mzima. Barakoa zimetupwa, na ndoo za kunawia mikono zimerudishwa kisimani kuchotea maji. Walakini mabishano hayajaisha. Ukiketi katika kibanda cha chai mjini Arua, au chini ya mwembe kule Koboko, utamsikia mtu akisema kwamba amri ile ilituokoa, na mwenzake akimjibu kwamba amri ileile ndiyo iliyotumaliza.

Leo tunataka kuyatazama mabishano hayo. Nia yetu si kufufua ugomvi. Nia yetu ni kufanya hesabu, maana hesabu isiyofanywa leo hulipwa kesho kwa bei kubwa zaidi.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 18 Machi 2020, kabla mgonjwa hata mmoja hajathibitishwa nchini, Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba shule zitafungwa na mikusanyiko itapigwa marufuku. Siku tatu baadaye, tarehe 21, mgonjwa wa kwanza akapatikana, naye alikuwa msafiri aliyefika Entebbe akitoka Dubai. Mipaka ikafungwa kwa abiria wote. Tarehe 25 yakasimamishwa mabasi na teksi, na bodaboda zikakatazwa kubeba watu. Tarehe 30 magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, maduka yasiyouza chakula yakafungwa, na ikatolewa amri ya kutotoka nje tangu saa 1 jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi. Wauza vyakula masokoni wakaamriwa walale huko huko sokoni. Kwanza ilisemwa siku 14. Kisha zikaongezwa siku 21. Na hata hizo zilipokwisha, mlango haukufunguliwa kwa watu wote mara moja.

Hapa ndipo habari ya West Nile inapoachana na habari ya Kampala. Mwezi wa Mei 2020, ilipoamuliwa kwamba magari ya watu binafsi yarudi barabarani, wilaya zipatazo 40 za mpakani ziliachwa nje ya ruhusa hiyo. Arua ilikuwamo. Koboko ilikuwamo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba madereva wa malori watokao nchi jirani walikuwa wakipatikana na virusi katika vituo vya mpakani, kwa hiyo wilaya za mpakani zilikuwa katika hatari kuliko nyingine. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, tarehe 1 Julai 2020, Arua ikapandishwa cheo na kuwa jiji. Basi tulipewa jiji wakati mpaka uliolijenga jiji hilo ungali umefungwa.

Ndugu wasikilizaji, mtu asiyeijua nchi hii hudhani kwamba wilaya ya mpakani ni ukingo, mahali nchi inapokwishia. Sisi tunajua kwamba kwa Arua na Koboko mpaka ni katikati ya maisha. Katika wilaya ya Koboko kuna mahali paitwapo Salia Musala, ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Kituo chetu cha Oraba kinatazamana na Kaya ya Sudan Kusini. Kituo cha Vurra, kusini ya Arua, kinatazama Kongo, na ng'ambo huko kuna soko la Ariwara, ambalo wachuuzi wetu wanalijua kuliko wanavyolijua soko lolote la Kampala. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Walugbara wanaishi Uganda na Kongo. Ardhi hii ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwaka 1910 ikawa ya Sudan, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda. Mipaka ndiyo iliyohamishwa. Watu walibaki palepale.

Tena mpaka huu umekwisha kutuokoa. Baada ya vita vya mwaka 1979, na hasa tangu Oktoba 1980, maelfu kwa maelfu ya watu wa West Nile walikimbia mauaji na kuvuka kwenda Zaire na Sudan. Wazee wetu wengi wako hai leo kwa sababu njia ya Kaya na njia ya Aru zilikuwa wazi. Baadaye zamu ikageuka, nasi tukawapokea majirani waliokimbia vita vyao. Kambi za Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi na Lobule ni ushahidi wa jambo hilo. Kwa hiyo neno kufunga mpaka, linapotamkwa huku, lina uzito ambao pengine halina mahali pengine.

Sasa tuje kwenye hoja.

Wapo wanaosema kwamba serikali haikuwa na njia nyingine. Hoja yao si ya kudharauliwa. Madaktari waliofanya hesabu walikuta kwamba, maradhi yalipotujia, Uganda nzima ilikuwa na vitanda 55 tu vya wagonjwa mahututi, na vingi vyao vilikuwa Kampala. Kutoka Koboko hadi Kampala ni zaidi ya kilometa 500. Mgonjwa aliyeshindwa kupumua huku angefikaje kule? Tulikuwa tumeiona Italia, nchi tajiri yenye hospitali kubwa, ikizidiwa na majeneza. Nchi maskini ilikuwa na silaha moja tu, nayo ni kuuzuia ugonjwa usienee. Na kweli, kifo cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa mwezi wa Julai 2020, miezi minne baada ya mgonjwa wa kwanza. Mpaka mwisho, vifo vilivyoandikwa rasmi ni kama 3,600, katika nchi yenye watu wapatao milioni 45. Hata tukisema kwamba wapo waliokufa vijijini bila kuandikwa, bado hatukuona makaburi ya halaiki tuliyotabiriwa.

Hoja hiyo ilipata nguvu zaidi mwezi wa Juni 2021, lilipokuja wimbi la pili. Waliokuwa wakisema kwamba korona ni uzushi walizika jamaa zao. Oksijeni ikawa adimu, na hospitali za kulipia zikadai mamilioni ya shilingi kwa mgonjwa mmoja. Nchi ikafungwa tena kwa siku 42. Aliyepoteza mzazi katika majuma yale hawezi kukubali kuambiwa kwamba hapakuwa na hatari. Aisifuye mvua imemnyea.

Wapo wa pili, wanaosema kwamba njaa pia ni ugonjwa. Hawa wanauliza swali jepesi: amri ya kukaa nyumbani ilitungwa kwa ajili ya nani? Mtumishi wa serikali alikaa nyumbani na mshahara wake ukaja. Mwenye duka kubwa alikaa nyumbani na akiba yake. Lakini mama anayenunua samaki wakavu leo ili auze kesho Ariwara, kijana wa bodaboda anayelipa deni la pikipiki kila juma, mbeba mizigo wa Oraba ambaye chakula cha jioni hukitafuta asubuhi, hao kwao kukaa nyumbani maana yake ilikuwa kuukata mkono unaolisha mdomo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Serikali haikusahau kabisa kwamba watu wanakula. Mwezi wa Aprili 2020 ilianza kugawa chakula, kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. Lakini mgao huo ulikusudiwa watu milioni 1 na nusu wa Kampala na Wakiso. Haukuvuka Mto Nile kuja kwetu. Ilisemwa kwamba wa vijijini wana mashamba. Ni kweli kwamba mkulima alikuwa na muhogo wake. Lakini mchuuzi wa mpakani si mkulima. Shamba lake ni ile njia ya Vurra, na shamba hilo lilikuwa limefungwa. Mwaka 2021 utaratibu ulibadilika kidogo, zikatolewa shilingi 100,000 kwa wahitaji waliochaguliwa Kampala, katika majiji na katika miji ya manispaa. Walio nje ya miji hiyo hawakuhesabiwa. Na kwa wakimbizi mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana mwezi huohuo wa Aprili 2020, kwa upungufu wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza posho yao kwa asilimia 30, na mwezi wa Februari 2021 kwa asilimia 40. Mtu aliyekatazwa kutoka kwenda kutafuta, ndiye aliyepunguziwa alichokuwa akipewa.

Wapo wa tatu, na hawa husema kwamba afya iligeuzwa kuwa fimbo ya siasa. Wanakumbusha kwamba wanasiasa walipigwa marufuku kugawa chakula, na kwamba mbunge wa Mityana, Francis Zaake, alikamatwa mwezi wa Aprili 2020 kwa kuwagawia chakula watu wa jimbo lake. Mwezi huohuo kila mbunge alitengewa shilingi milioni 20 za kupambana na korona, jambo lililofika mahakamani, na maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu wakakamatwa kwa tuhuma za kupandisha bei ya chakula cha msaada. Wanakumbusha pia kampeni za uchaguzi. Mikutano ya wagombea ilipimwa kwa watu 200, na tarehe 18 Novemba 2020 Robert Kyagulanyi, anayejulikana kama Bobi Wine, alikamatwa Luuka kwa kosa la kuvunja masharti ya korona, ilhali kulikuwa na mikusanyiko mingine ambayo haikuguswa. Katika ghasia zilizofuata walikufa watu 54, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Amri iliyowekwa kulinda uhai ikawa chanzo cha vifo 54 katika siku mbili. Hata anayeitetea amri hiyo hana budi kuinamisha kichwa hapa.

Wa upande wa pili hujibu kwamba chakula kikigawiwa bila utaratibu watu hukusanyika na kuambukizana, na kwamba wapinzani nao waliutumia ugonjwa kutafuta kura. Yamkini yote mawili ni kweli. Lakini sheria hupata heshima pale inapomkamata mkubwa kama inavyomkamata mdogo. Ikimkamata mmoja na kumwachia mwingine, wananchi hawaioni tena kuwa dawa.

Ama kuhusu fimbo, hakuna haja ya kubishana. Tarehe 26 Machi 2020 askari waliwapiga wachuuzi wanawake katikati ya Kampala, na Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali David Muhoozi, akaomba radhi hadharani. Siku chache baadaye, kule Elegu, katika wilaya ya Amuru, wanawake walitolewa nyumbani usiku, wakapigwa na kugaragazwa matopeni. Elegu ni mji wa mpakani kama Oraba. Waliopigwa walikuwa watu wa kazi ileile, na hatia yao ilikuwa ileile ya kuishi pale njia inapopita.

Kulikuwa pia na kibali. Aliyetaka kusafiri na mgonjwa kwa gari alipaswa kupata ruhusa ya Mkuu wa Wilaya anayemwakilisha Rais. Tufikirie maana yake. Mama ameshikwa na uchungu usiku, kijiji kiko mbali, pikipiki haziruhusiwi, na ruhusa iko mjini kwa mtu mmoja ambaye simu yake haipatikani. Sehemu mbalimbali za nchi iliripotiwa kwamba akina mama walikufa njiani au nyumbani kwa sababu hiyo, hata mwezi wa Aprili Rais akaagiza kwamba wajawazito wasidaiwe kibali. Agizo hilo lilikuwa jema. Lakini aliyekufa kabla ya agizo hakurudi.

Tena yapo mambo ambayo hayaingii katika hesabu ya fedha. Makanisa na misikiti ilifungwa tangu Machi hadi Septemba 2020. Mazishi yaliachiwa ndugu wachache. Mtu wa West Nile anajua matanga ni nini kwetu. Kutokwenda kumzika mjomba kwa sababu amefia ng'ambo ya Vurra, mwendo wa saa chache kwa miguu, ni jeraha ambalo halikuandikwa katika taarifa yoyote ya Wizara ya Fedha. Wapo walioamua kuvuka kwa njia za panya usiku ili wakamzike mtu wao, na wakatazamwa kama wahalifu. Je, tuseme walitenda kosa? Kwa sheria, ndiyo. Kwa utu, kila msikilizaji ajijibu mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, katika gharama zote hizo ipo moja ambayo inaendelea kulipwa hata sasa, nayo ni ya shule. Shule zilifungwa mwezi wa Machi 2020. Zikafunguliwa kidogo kidogo tangu Oktoba mwaka ule, kwanza kwa madarasa ya mitihani. Zikafungwa tena Juni 2021. Hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. UNESCO imeandika kwamba kufungwa huko, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kulichukua majuma 83, na hakuna nchi duniani iliyozifunga shule zake kwa muda mrefu kuliko sisi. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilionya kwamba asilimia 30 yao huenda wasirudi.

Wengine wamekwenda wapi? Wavulana walikwenda kufyatua matofali, kupasua kokoto, kuendesha pikipiki za watu, na waliozoea kushika fedha hawakuona sababu ya kurudi kuketi dawatini na wadogo zao. Wasichana wengi waliolewa. Shirika la UNICEF lilisema kwamba kati ya Machi 2020 na Juni 2021 mimba za wasichana wa miaka 10 hadi 24 waliofika kliniki nchini ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 22. Msichana aliyekuwa darasa la sita mwaka 2020 sasa ni mwanamke mzima. Ikiwa alirudi shule, alirudi amechelewa. Ikiwa hakurudi, leo anauza mandazi kando ya barabara ya Oraba akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo amefikia umri wa kuanza shule. Korona haikumgusa kabisa msichana huyo; iliyomgusa ni kinga yake.

Na hapa sisi watu wa redio hatuna budi kujitazama. Ilisemwa kwamba masomo yataendelea kwa redio, nasi tukayasoma masomo hewani kwa bidii. Ikatolewa ahadi ya kuzigawia kaya redio za kusomea, na ahadi hiyo haikutimizwa. Palipokuwa na redio, palikosekana betri. Palipokuwa na betri, baba alitaka kusikiliza habari. Tulikuwa tukifundisha watoto ambao wengi wao hawakuwa wakitusikia. Zaidi ya hayo, kila jioni tulisoma amri mpya kwa sauti ya uzito: limekatazwa hili, limekatazwa lile. Hatukuyasoma kwa uzito uleule majibu ya waliokatazwa. Redio ni njia ya pande mbili, inayotoka serikalini kwenda kwa wananchi na inayotoka kwa wananchi kwenda serikalini. Katika miezi ile njia ya pili nayo ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyetuamuru kuifunga.

Msikilizaji atauliza: basi ingefanywaje? Wapo wanaotaja Tanzania. Majirani zetu hawakuwafungia watu ndani, masoko yao yalifanya kazi, na shule zao zilifunguliwa tena mwezi wa Juni 2020. Lakini tangu mwisho wa Aprili mwaka huo waliacha kutangaza idadi ya wagonjwa, na mtu asiyejua ukubwa wa hatari hawezi kujilinda wala kumlinda mzee wake. Ilipofika mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Tanzania yenyewe ilibadili mwendo, ikaunda kamati ya wataalamu na kuleta chanjo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba dawa ya kufunga mno ni kunyamaza mno.

Mfano bora tunao hapa hapa nyumbani, na hatukuujali vya kutosha. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2020 Ebola iliua zaidi ya watu 2,000 katika Kivu na Ituri. Mwaka 2019 mgonjwa mmoja alipatikana Ariwara, hatua chache tu kutoka kwetu. Je, mpaka ulifungwa? Haukufungwa. Vurra na vituo vingine viliwekewa vipima joto, maji ya kunawa na wahudumu wa afya. Mchuuzi alinawa, alipimwa, akapita. Atakayesema kwamba korona si Ebola amesema kweli, maana mtu huweza kuambukiza korona kabla hajapata homa, na kipima joto hakimwoni. Kwa hiyo hatusemi kwamba utaratibu ule ungetosha. Tunasema kwamba watu wa mpakani walikuwa wamekwisha kujifunza kuishi na ulinzi wa afya, na elimu hiyo iliwekwa kando bila wao kuulizwa.

Mfano wa pili ni Zombo. Katikati ya mwaka 2020 maelfu ya watu wa Ituri, wakikimbia kuchinjwa, walikwama mpakani kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa. Kwa siku tatu, tangu tarehe 1 hadi 3 Julai, Uganda iliwafungulia njia mbili, Guladjo na Mlima Zeu. Wapatao 3,000 waliingia, wakapimwa, wakawekwa karantini kabla ya kupelekwa makambini. Nchi nyingine nyingi hazikufanya hivyo, nasi tunastahili kujivunia. Lakini funzo lake ni kubwa kuliko sifa. Lilitufundisha kwamba mlango unaweza kulindwa bila kukomewa kwa kila mtu. Kama iliwezekana Zombo kwa mkimbizi, ingaliwezekana Oraba kwa mama mjamzito, na Vurra kwa mfiwa, na kwa mchuuzi walau siku moja katika juma. Malori yalipita muda wote, nayo ndiyo yaliyosemwa kuleta virusi. Ilikuwa sawa yapite, kwa maana bila hayo tungekosa chumvi, mafuta na dawa. Lakini kama ilipatikana njia ya kumpima dereva wa lori, ilikuwa haki itafutwe njia ya kumpima mwenye kikapu.

Basi sisi tunaonaje? Tunaona kwamba kufunga, katika Machi 2020, hakukuwa kosa. Ugonjwa ulikuwa mgeni, na mtu anayesikia kishindo gizani hufunga mlango kwanza akauliza baadaye. Kosa lilikuwa kusahau kwamba anayefunga mlango ana deni kwa aliyefungiwa. Akimzuia kutafuta, amlishe. Akimzuia kusafiri, ampelekee mganga. Akimfungia mtoto shule, ahakikishe kwamba mtoto huyo atarudi. Na akiwaongezea wengine kifungo kuliko wenzao, kama zilivyoongezewa wilaya za mpakani, deni lake kwao ni kubwa zaidi, wala haliwezi kufutwa kwa kusema kwamba lilikuwa janga la dunia.

Deni la namna hii halina budi kuandikwa katika sheria. Amri za mwaka 2020 zilitolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni mwaka 1935, zama za ukoloni. Haikutangazwa hali ya hatari kwa mujibu wa ibara ya 110 ya Katiba, ambayo ingalilazimu Bunge kuidhinisha. Kwa hiyo wawakilishi wa Arua na Koboko hawakupiga kura juu ya kufungwa kwa Arua na Koboko. Sheria humwambia raia adhabu yake akivunja amri. Ni wakati wa kuwapo sheria inayoiambia serikali wajibu wake inapoitoa.

Wala tusidhani kwamba hilo ni jambo la kale. Mwaka 2022 Ebola ilizuka Mubende na Kassanda, na wilaya hizo mbili zikafungwa tangu katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba. Safari hii hawakufungiwa watu wa nchi nzima, na hiyo ni dalili kwamba tumejifunza kitu. Lakini watu wa Mubende walikuwa na maswali yaleyale tuliyokuwa nayo sisi. Ugonjwa mwingine utakuja. Huku kwetu, ambako tauni haijapata kutoweka kabisa na homa ya uti wa mgongo hurudi na jua la kiangazi, mtu hahitaji kuwa mtabiri ili aseme hivyo. Utakapokuja, wa kwanza kufungiwa watakuwa tena watu wa mpakani.

Kwa hiyo, kabla haujaja, na ifanywe hesabu. Halmashauri za wilaya na jiji ziorodheshe watoto waliotoka shule na hawakurudi, kwa majina na kwa vijiji, na wale wanaotaka kurudi watafutiwe nafasi, hata kama wamekwisha kuwa wazazi. Vituo vya Vurra na Oraba viwe na vyumba vya kupimia na wahudumu wa kudumu, wasiletwe tu wakati wa hofu. Wachuuzi wa mpakani wawe na mwakilishi katika kamati za maradhi za wilaya, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na wanasiasa wetu, wa chama kinachotawala na wa upinzani, waache kushindana nani alikuwa sahihi mwaka 2020, wakashindane nani atalilipa deni la mwaka 2020.

Mzee mmoja wa Koboko alipata kusema, katika mazungumzo ya kawaida tu, kwamba katika maisha yake ameuvuka mpaka wa Kaya akikimbia, ameuvuka akirudi, na ameuvuka akichuuza. Mwaka 2020 ndio mwaka pekee aliokaa akiutazama. Hakuwa akilalamika. Aliongeza kwamba angekaa hata mwaka mzima mwingine, kama angejua kwamba aliyemwambia akae anamkumbuka.

Hilo tu ndilo wanalolitaka watu wa huku, ndugu wasikilizaji. Wakiambiwa wakae, wakumbukwe.